Picha Aliyoniambia Nirudie

Mume wangu alikuwa na magonjwa mawili, moyo na kamera, na daktari alijua kutibu mmoja tu.

Mtaani walimwita Mzee Tulia. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa na studio ya picha, na kila aliyeketi kwenye kigoda chake aliambiwa neno hilo kabla hajapigwa: "Tulia!" Watoto waliambiwa, maharusi waliambiwa, hata ofisa mmoja wa polisi mwenye nyota begani aliambiwa, tena kwa ukali. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona ametulia. Aligombana na redio, aligombana na mawingu, aligombana na wateja waliofumba macho, na mimi nilikaa kaunta nikiandika majina juu ya bahasha na kuwaomba watu radhi. Kwa hiyo daktari aliposema moyo umechoka, hata kupasuliwa haufai, ameze vidonge, asivuke geti, asipande ngazi na asikasirike, niliangua kicheko pale pale mbele ya wauguzi. Asikasirike! Si angemwambia tu asipumue?

Lakini nilicheka kwa uoga. Tulipofika nyumbani nilichukua kamera nikaifungia kabatini, ufunguo nikautumbukiza ndani ya kopo la majani ya chai. Akaninunia wiki nzima. Akanune, nilisema, mradi ananuna akiwa hai.

Ndani ya kabati hilo kulikuwa na kitu kingine, nacho lazima nikiseme mapema, ingawa mpaka leo kinaniunguza.

Kila aliyewahi kukaa studio anawajua wateja wa namna hii. Wanaingia ndugu wawili au watatu, hawataniani, hawajitazami kwenye kioo. Mmoja anatoa picha ndogo kwenye pochi na kusema, "Tunaomba utukuzie hii." Mume wangu hakuwauliza ya nini. Aliuliza neno moja tu: "Yuko hai?" Wakisema yuko hai ila anaumwa, aliwarudishia picha yao. "Mleteni nimpige mpya. Kama hawezi kuja, nitamfuata kitandani. Picha ya mtu anayepumua siikuzi. Huo ni uchuro." Watu walitukana, wakaenda kwingine. Hakujali. Na mimi ndiye niliyewafungulia mlango wakitoka, kwa hiyo sheria hiyo niliijua kuliko hata aliyeitunga.

Sasa, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mtu wa mipango. Ukimwalika chai ataandaa kamati. Siku chache baada ya sisi kutoka hospitali alinifuata jikoni, simu mkononi.

"Shemeji, tujiandae mapema," alisema kwa sauti ya chini. "Siku yenyewe haipigi hodi. Tusije tukaanza kuhangaika na picha huku watu wamejaa."

Alikuwa ameshaichagua. Ilipigwa kwenye arusi ya binti yake, na mtu mwenye simu, si mpiga picha. Damu ilinichemka. Nilikuwa na beseni la maji ya vyombo mikononi, na ningemmwagia ningekuwa na haki. Badala yake nikasema, "Haya." Neno hilo moja tu, mke wa Mzee Tulia! Baada ya siku nne akaniletea bahasha kubwa ya kaki, nikaichomeka nyuma ya makoti bila kuifungua.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kwanza yenye jua baada ya miezi mitatu ya baridi. Ukuta wa uani ulikuwa na joto ukiugusa. Nilitoka nyuma kuanika mashuka, na shuka ni kitu cha kuhangaika nacho peke yako, kwa hiyo nilichelewa. Niliporudi ndani, kopo la majani ya chai lilikuwa mezani, wazi. Kabati wazi. Nikafungua friji. Kwenye kisahani cha siagi, pale alipokuwa ameweka roli yake ya mwisho ya filamu, ilibaki siagi tu.

Bahasha ya kaki ilikuwa kitandani, upande wangu, juu ya mto.

Nikaitoa ile picha. Uso wa mume wangu ulikuwa mkubwa kama sinia, umegeuka kidogo, mdomo wazi nusu kama mtu anayetafuna. Kwenye bega la kushoto kulikuwa na vidole vinne vya mtu ambaye hayupo. Na juu ya yote hayo, kutoka kona mpaka kona, kulikuwa na maandishi ya penseli yake nyekundu. Hiyo ndiyo penseli aliyotumia studio kwa picha zilizoharibika, na neno lilikuwa lile lile alilokuwa akiandika siku zote: RUDIA.

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilipaswa kuona aibu kwanza, lakini hasira ilitangulia, maana hasira ndiyo niliyoizoea. Nikatia vidonge na chupa ya maji kwenye mkoba, nikatoka na ndala miguuni, moja ya buluu na nyingine ya kijani.

Kwenye kona, fundi viatu aliinua sindano yake kabla sijauliza.

"Amepita, mama. Amenipiga tatu, halafu akanigombeza eti nashona kama mtu anayesubiri basi."

"Na wewe ukamwacha apite? Hujui anaumwa?"

"Mama, mimi nimzuie Mzee Tulia? Mimi?"

Nilimkuta mbele ya duka lililokuwa studio yetu. Siku hizi wanauza makasha ya simu humo, muziki unapigwa mpaka vioo vinatetemeka. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu na watu wanampisha kulia na kushoto. Alikuwa anaupiga picha ukuta wa juu, pale walipong'oa herufi za jina letu. Rangi chini ya herufi haikuwa imepauka, kwa hiyo jina bado linasomeka ukijua pa kutazama. Miguu yake ilikuwa imevimba, ameacha kamba za viatu wazi.

"Unataka kufa barabarani?" nilimwuliza. Sikupunguza sauti. Msichana wa duka alitoa kichwa nje.

Hakuitoa kamera usoni. "Nyumbani nimeshakufa. Picha yangu iko tayari."

Akabonyeza, akavuta kile kiwiko cha kusogeza filamu kwa kidole gumba, akaanza kutembea.

Nikamfuata hatua tatu nyuma, kama askari na mahabusu, ila sikujua nani ni nani. Sikio la kufa halisikii dawa, nilimwambia mgongo wake. Nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayeamka usiku kumsikiliza kama anapumua. Nilimwambia alivyo mbinafsi, kwamba kwa miaka yote hiyo kamera ilikula kwanza na sisi baadaye. Yeye akapiga picha. Alipiga paka juu ya boneti la gari. Alipiga shuka za watu kwenye roshani, zangu hajawahi. Kila baada ya nguzo mbili za umeme alisimama na kuinua kamera kupima mwanga. Lakini namjua. Mtu mwenye pumzi zake hapimi mwanga mara nne mahali pamoja.

Tukafika daraja la kuvukia reli. Miti ya barabara ya stesheni ilikuwa imechanua upande wa pili, mistari miwili ya maua meupe, lakini kutoka chini ulikuwa unaona ukuta wa reli tu na ncha chache. Ili uione yote lazima upande. Ngazi arobaini na moja. Nazijua, nimezipanda na mimba mbili.

Akashika bomba la pembeni.

"Thubutu," nilisema.

"Kila mwaka napiga kutoka pale juu. Kila mwaka."

"Mwaka huu hupigi."

"Kwa sababu mmeshanipangia! Wewe na yule mdogo wangu mwenye kamati zake!" Alinigeukia, na sura yake haikuwa ya mtu aliyenuna, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua nguo yenyewe ni wewe. Umekaa kaunta yangu miaka thelathini na minne. Umesikia nikiwafukuza watu. Angefanya mwingine ningesema hajui. Wewe unajua!"

"Nilisema haya tu," nilijibu, na nikasikia jinsi lilivyo jibu baya.

"Haya tu!" Akapanda ngazi ya kwanza. Akapanda ya pili. Kwenye ya tatu goti likamkatalia, akakaa chini, polepole, kama mtu aliyeamua mwenyewe. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwekea kidonge chini ya ulimi, nikamshikilia shingo. Watu walipita pembeni yetu na mikoba yao. Hakuna aliyesimama, na nilitaka kuwapiga wote, mmoja mmoja.

Rangi ilirudi taratibu. Alipoweza kusema, hakusema habari ya moyo.

"Na ile picha yenyewe ni mbaya. Wamekata ovyo. Uliuona ule mkono begani?"

"Niliuona."

"Ni wako."

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Ni kweli, kwenye arusi ile nilisimama kando yake, nikamshika bega kumwambia ana wali kwenye tai.

"Wamekukata wewe wakaacha vidole," alisema. "Na wewe hukukijua hata kidole chako mwenyewe."

Hapo ndipo nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nilimkasirikia shemeji, nilimkasirikia daktari, nilizikasirikia zile ngazi. Nilijikasirikia mimi zaidi ya wote, kwa kuwa nilikubali kufanywa mjane na watu wengine, na mume wangu yuko chumba cha pili anakohoa.

"Nipe hiyo kamera," nilisema.

"Ya nini?"

"Nipe!"

Sikuwahi kuibonyeza. Hakuna aliyeruhusiwa, hata watoto wetu. Niliivua shingoni mwake, naye akainama kidogo ili mkanda upite sikioni, na nilijua ameniruhusu.

"Zimebaki mbili," alisema. "Mbili tu. Usitikisike. Zungusha lile la mbele mpaka—"

"Tulia," nilimwambia, nikapanda.

Nilizihesabu zote arobaini na moja, na ndala zangu za rangi mbili. Juu palikuwa na upepo. Miti ilikuwa imejaa maua mpaka stesheni, meupe matupu, nayo yalikuwa yanaanguka juu ya mataruma ya reli bila mtu wa kuyafagia. Ilikuwa nzuri kiasi cha kuudhi. Nilibonyeza mara moja kwa ajili yake. Kisha nikageuka na kuchungulia chini.

Alikuwa amesimama. Nilimwambia atulie, lakini alikuwa amesimama, kamba za viatu zimetawanyika, mkono mmoja ameshika bomba na mwingine ameunyosha kwangu juu, anapiga kelele kwa nguvu zote alizokatazwa: "Kidole! Toa kidole kwenye lenzi! Kidole, wee mwanamke!"

Nikambonyeza hivyo hivyo. Filamu ikaisha.

Tulirudi kwa teksi, kila mtu anatazama dirisha lake. Baada ya siku tatu akajifungia bafuni, ambako ndiko kulikuwa chumba chake cha giza tangu tufunge studio, akatoka na picha mbili zinachuruzika maji. Ya miti aliitazama mara moja tu. "Imelala upande kama mlevi," akasema, akaiandika RUDIA.

Ya pili aliishika muda mrefu. Yumo yeye mzima, kuanzia viatu, mkono juu, mdomo wazi, anagomba. Na kwenye kona ya juu kuna kitu kikubwa cheusi kama gunzi la mahindi lililoungua. Hicho ni kidole changu. Akaiinua penseli nyekundu. Nilisimama mlangoni nikingoja. Akaichomeka penseli nyuma ya sikio.

"Hii iache."

Hakuikuza, alikuwa bado anapumua. Aliitia negativu yake, kile kipande cha filamu, kwenye bahasha ndogo, ya zile zetu za zamani, akanisogezea mezani. "Andika jina," alisema, kama alivyokuwa akiniambia kila jioni studio. Nikaandika jina lake lote, kwa mwandiko ule wa kaunta.

Alikufa baada ya miezi tisa, baridi ilipoanza tena, akiwa kwenye kiti chake, akibishana na mtangazaji wa habari. Watu walijaa, kama shemeji alivyosema. Picha niliikuza kabla ya mtu yeyote kuuliza, nikaisimamisha mwenyewe juu ya meza sebuleni.

Shemeji aliikodolea macho, akanivuta pembeni.

"Shemeji, hii haifai. Mzee anagombeza waombolezaji. Halafu tazama hiki kidole kwenye kona. Kuna kijana anaweza kukikata sasa hivi, dakika mbili tu."

Nilimjibu mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo marehemu angeisikia, kwamba kidole hicho ni cha mke wake na safari hii hakatwi mtu. Akaenda kupanga viti.