Torgrim na Gari la Viti Laini

Torgrim Hjelle aliendesha lori la maziwa kwa miaka thelathini na minane kandokando ya fjodi ile moja, ule mkono mrefu wa bahari uliojipenyeza kati ya milima, na katika miaka yote hiyo hakumwaga hata kikombe. Wenye lori walimsifu sana. Wanawake hawakumsifu. Mwanamume ambaye hajawahi kumwaga kitu maishani, nani atamwota usiku?

Alipostaafu alitaka vitu viwili tu. Alitaka gari jipya la umeme, maana lile la zamani lilikuwa linaishiwa chaji kabla halijafika juu ya mlima. Na alimtaka Gunnvor, mjane aliyekaa karibu na gati la feri. Kichwani mwake vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Angenunua gari, angesimama mlangoni kwa Gunnvor, kisha wangekwenda wote kaskazini mpaka ile rasi ya mwisho, majira ya joto, wakati jua halizami. Hotuba ya kumwambia alikuwa nayo tayari, maneno sita kamili: "Nakwenda kaskazini. Kuna kiti kimoja kitupu." Aliifanyia mazoezi bafuni tangu mwezi wa pili. Msimcheke, wengine wenu hata sita hamna.

Dukani mjini, Rannveig, binti muuzaji mwenye kucha za kijani, alimwonyesha magari mawili yaliyofanana kama mapacha.

"Mzee wangu, betri ni ile ile. Hili jekundu ni la kispoti. Limekaa chini, springi ngumu, mota mbili, ukilikanyaga linaruka. Hili la kijivu ni la starehe. Limeinuka, springi laini, viti vinakukanda mgongo."

"Vinakanda?"

"Kama mke mwenye huruma."

"Hilo silijui," akasema Torgrim, na alikuwa anasema kweli.

Akalijaribu jekundu. Pale kwenye barabara iliyonyooka kabla ya handaki, akakanyaga. Mwili ukatangulia, tumbo likabaki nyuma. Akacheka kwa sauti mpaka akajishtukia, akatazama kando kuona ni nani anayecheka. Waliporudi alishuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili, magoti yakilia kama bawaba kavu, lakini macho yalikuwa ya kijana wa miaka kumi na tisa.

"Hili," akasema. Kisha akakumbuka nyonga ya Gunnvor, akanywea.

Habari ya nyonga ilikuwa hivi. Wiki iliyotangulia, kwenye kahawa ya Jumapili katika ukumbi wa kijiji, Torgrim alimwuliza Gunnvor, "Hujambo?" Gunnvor akajibu, "Nyonga inaniuma." Sasa, kule mtu aliyevuka sitini ukimwuliza hali anakutajia kiungo. Ni salamu tu. Anayejibu "mzima kabisa" huonekana anajidai. Mtu mwenye akili zake angesema pole na kuomba jemu. Torgrim aliipokea nyonga ile kama cheti cha daktari.

Je, asingeweza kumwuliza tu mwanamke mwenyewe gari alipendalo? Aa! Huwajui watu wa kule. Kwa Torgrim, swali kama hilo lilikuwa sawa na kuvua suruali kanisani. Badala yake akamwuliza mdogo wake.

Mdogo wake huyo, Leidulv, wake watatu walikuwa wameshamfukuza, na wote watatu bado walikuwa wanamtumia kadi za Krismasi. Alikuja jikoni kwa Torgrim, akajipakulia kababu za samaki bila kukaribishwa.

"Jekundu? Wewe?" Leidulv akacheka mpaka samaki akampalia. "Utaingiaje mle, kaka? Na kutoka je, utaitiwa winchi?"

"Niliingia. Na nikatoka."

"Na yule mama wa watu?"

"Mama yupi?"

"Torgrim, acha. Kijiji kizima kinajua, hata feri inajua. Unataka kuipakia nyonga ile kwenye kiti cha kispoti mpaka kaskazini? Utafika na maiti. Chukua la kijivu. Mwanamke wa umri ule anataka ulaini."

"Unadhani?"

"Mimi nimeoa mara tatu. Wewe ulioa lori."

Hilo likamwingia. Leidulv akamaliza kababu ya mwisho, akampigapiga kaka yake begani, akaondoka akipiga mluzi. Na Torgrim, ndugu zangu, hakujiuliza ule mluzi ni wa nini.

Akanunua la kijivu. Siku ya kulichukua, Rannveig alimwona anavyolitupia jekundu jicho la mwisho.

"Bado unaweza kubadili, mzee wangu."

"Si la kwangu peke yangu."

"Kwani umemwuliza huyo mwenzio?"

Torgrim akakohoa, akaomba aonyeshwe kitufe cha kupasha viti joto.

Siku tano baadaye alivaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani, akaenda kwa Gunnvor. Jekundu lilikuwa limeegeshwa pale mlangoni. Kwenye usukani alikaa Gunnvor mwenyewe, miwani ya jua usoni. Leidulv alikuwa kando yake, ameng'ang'ania mlango, uso mweupe kama jibini.

"Torgrim!" Gunnvor akateremsha kioo. "Umemwona mdogo wako? Kanipigia simu, 'Nimenunua gari jekundu, wataka kuliendesha?' Nikamwambia, 'Nimeshavaa viatu.' Jumatatu tunakwenda kaskazini!"

Yale maneno sita yakasukumana kooni, likatoka moja ambalo hata halikuwamo.

"Nyonga?"

"Nyonga gani?"

"Ulisema inakuuma."

"Ah, si inauma tu! Na hilo ndilo gari lako?" Akalitazama la kijivu kutoka taa za mbele hadi za nyuma. "Mungu wangu, umenunua kitanda cha hospitali chenye magurudumu. Kwa ajili ya nani?"

Foleni ya magari yanayosubiri feri ilikuwa hatua chache tu, vioo vyote vimeteremshwa.

"Mwambie, Torgrim!" mmoja akapaza sauti. Wengine wakaangua kicheko. Leidulv alikuwa ghafla amepata kitu cha kusoma kwenye mkanda wa kiti.

"Ni la mgongo wangu," akasema Torgrim.

"Vizuri sana. Basi, wewe muungwana, nikuombe kitu. Mama yangu ana miadi ya daktari wa miguu kila Jumatano, ng'ambo. Kitanda hicho kitamfaa."

Na mnajua alijibu nini? Alijibu, "Saa ngapi?"

Jumatano akampakia Mama Bergljot, miaka tisini na moja, pamoja na mkongojo wake. Kiti kikaanza kumkanda. Bibi akanguruma kama paka.

"Wewe ni yule ndugu mwingine?"

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia Gunnvor akuchukue wewe."

Torgrim akakaza mikono kwenye usukani. "Akasemaje?"

"Akasema wewe atakuchukua akishazeeka."

Gunnvor alikuwa na miaka sitini na sita, na wanawake wa ukoo ule hufika mia bila kuugua mafua.

"Punguza mwendo," akasema bibi, akafumba macho.

Torgrim alikuwa anakwenda arobaini. Akapunguza.