Pori la Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na shamba ng'ambo ya mto, mkabala na kijiji chetu cha Hewani, ndani ya msitu ambao mimi niliuogopa tangu utotoni. Yeye aliingia humo kama anayeingia jikoni kwake. Aligombana na kima kwa sauti, akiwatukana mpaka mama zao, na akichoka alijilaza kivulini akasinzia.

Nilirudi likizo ndefu kutoka chuoni Kampala, miaka ile ya hamsini, nikamkuta amelipumzisha shamba. Kwa miaka mitatu mafuriko hayakuwa yamelifikia. Aliacha miti iote, akingoja mto ulete tope jipya ndipo afyeke, apande mpunga. Ndilo shamba pekee alilokuwa nalo.

Wiki ile akaja Mzungu wa kupima ardhi, pamoja na karani wake. Mkalimani wao alikuwa na homa, wakaniomba mimi. Nilikubali upesi. Nilikuwa na Kiingereza kingi na pa kukitumia sikupaona.

Mpimaji akauliza pale pana nini. Shangazi akatabasamu kwa haya, kama mwenyeji anayewaomba radhi wageni kwa uchafu wa nyumba.

"Aa, pori tu hili, baba."

Nikatoa neno la Kiingereza, "wilderness", neno zuri nililolipata vitabuni. Neno lile halina mwenyewe ndani yake. La shangazi lilikuwa naye: shamba lake lililoota miti. Nilijua tofauti hiyo, nadhani, hata kabla karani hajamaliza kuandika. Sikumzuia.

Mwezi uliofuata mawe ya mpaka yakasimikwa, tukaambiwa msitu ule ni wa serikali, haukatwi hata ufito. Niliandika barua mbili kueleza kosa. Nilijibiwa moja: mwenyeji mwenyewe alikiri kwamba mahali pale ni patupu.

Kisha mto ukafurika, ukalifikia shamba. Maji yalipopungua nilimwambia twende tukaangalie, angalau achukue mizinga yake ya nyuki.

"Siendi. Kuna nyati."

"Nyati walikuwapo siku zote, shangazi."

"Walikuwapo, lakini walikuwa kwangu. Sasa mimi ndiye nitakuwa kwao."

Nilicheka, kisha nikaona hachezi. Nilivuka peke yangu. Miti ilikuwa ile ile, kima wale wale, tope limelala jeusi hadi kwenye vifundo vya miguu. Chuoni tulifundishwa kwamba hofu ya pori hutoka katika pori lenyewe, kwenye giza lake na wanyama wake. Je, nyati aliongezeka hata mmoja? Shangazi aliyesinzia mle miaka yote sasa alishtuka akisikia kijiti kikivunjika nyuma ya nyumba. Mizinga sikuigusa. Niliogopa, nikarudi.

Alianza kulima kipande cha mchanga karibu na nyumba. Mahindi yalitoka mafupi, ya njano.

Siku moja kabla sijarudi Kampala nikamweleza yote: kwamba neno lake halikuwa na ubaya, ila mimi ndiye niliyelitafsiri vibaya. Alikuwa akipalilia. Hakuinua kichwa.

"Nani alisema pori?"

"Ni wewe, lakini..."

"Basi nilisema mwenyewe. Usijisumbue na masomo yako, mwanangu."

Nikarudia kueleza, polepole, kama ninavyojua kueleza. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasogea hatua moja, akaendelea kupalilia mchanga.