Kitambaa Changu cha Ng'ambo

Nichekeni, lakini polepole. Jumamosi nilienda Giakanja kurekebisha mlango wa mama mkwe. Nikakunjua kwa mbwembwe kitambaa changu cha kubebea vifaa, kila patasi imelala kwenye mfuko wake. Mke wangu Wangari ndiye aliyekishona kutoka kwa shuka kuukuu, lakini mbele ya mkwe nilitaka kuonekana mtu wa maana.

“Umetoa wapi kitu kizuri hivi, Baba Njeri?”

“Nilinunua Nanyuki, Mama. Ni cha ng'ambo.”

Akachuchumaa, akakipapasa. Nikadhani amevutiwa, nikazidisha sifa: ati Nyeri nzima hakuna kingine.

Mkono wake ukafika pembeni, akatabasamu.

“Na hapa Wangari alipotafuna akiota meno, nikimbeba mgongoni kwa shuka hii, napo ni pa ng'ambo?”