Pinpointer yangu ya kwanza ililia kwenye harusi, Mambrui

Wakuu, habari za jioni.

Nimeona kwenye uzi wa jirani vijana mnabishana pinpointer ipi ya kununua kwa kutafutia dhahabu. Niliandika jibu nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu.

Nitakayosema mengine niliyaona kwa macho, mengine niliyasikia nikiwa upande wa pili wa ukuta. Sijaongeza kitu. Ningeweza kupunguza ningepunguza.

Kwanza kwa wasioijua. Pinpointer ni kijiti cha kushika mkononi. Mashine kubwa yenye sahani ndiyo inayokwambia kuna kitu chini. Ukishachimba, kile kijiti unakiingiza shimoni kikuonyeshe kitu kiko upande gani wa udongo. Basi. Ni kifaa cha kumalizia kazi, si cha kuanzia.

Hilo niliambiwa mapema kabisa na aliyenipa. Nililisikia, lakini sikulishika.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Muyeye. Mchana nilikuwa napanga viti vya wageni ufukweni Malindi. Shule niliiacha darasa la sita. Karo ilikuwepo, ni miguu tu ilikuwa haitulii. Nikiona kitu kimefungwa lazima nijue ndani kuna nini. Redio ya baba niliifungua nikashindwa kuifunga.

Kulikuwa na mzee mmoja, mgeni wa Kijerumani, alikuwa akija kila msimu. Asubuhi anapita mchangani na mashine yake akitafuta pete na sarafu walizoangusha wageni wenzake. Nikawa namfuata nyuma na maswali. Siku ya kuondoka akaniwekea vitu viwili mezani hotelini: mashine kubwa ya zamani yenye sahani, na kijiti alichokiunda mwenyewe kwa bomba la plastiki, betri ndani. Akasema chagua kimoja.

Nikakijaribu kijiti kwenye kijiko. Kikapiga ukelele mpaka mhudumu akageuka.

Nikachagua hicho. Sababu zangu zilikuwa mbili tu: kinaingia mfukoni, na kinalia kwa sauti. Wakuu, mkitaka kujua mtu anavyochagua kifaa vibaya, ndivyo hivyo.

Mzee akatikisa kichwa. Akanambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hiyo mtoto. Bila mama yake hajui kitu. Na dhahabu yeye hajui. Chuma, bati, shaba, yote analia sawa."

Nikasema ndiyo ndiyo, huku natafuta mfuko wa kukitia.

Kesho yake niliamka alfajiri nikatoka. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na kijiti, mkate, na ufunguo wa chumba. Nilifika barabarani, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikafuata kushoto kwa sababu jua lilikuwa halijapiga upande ule.

Nilifika daraja la Sabaki nikateremka mchangani. Mchanga wa Sabaki unametameta, na kila mtu Malindi ana mjomba aliyewahi kuota dhahabu pale. Nikapitisha kijiti. Nikapata msumari, nikapata vizibo vya soda, nikapata ndoana. Nikapanda kwenye udongo mwekundu upande wa pili, huko ndiko kilikolia mfululizo hata pasipo na kitu, kama mtoto mwenye homa. Siku hizi najua ule udongo una chuma ndani yake, na ndiyo maana mashine nzuri huwa na namna ya kuizoesha udongo kabla hujaanza kazi. Yangu ilikuwa haina. Mimi nilidhani nimekanyaga utajiri.

Hapo ndipo akanikuta Karisa.

Alikuwa anasukuma baiskeli, nyuma mzigo wa kuni umeipita baiskeli yenyewe kwa urefu. Mgiriama, mkubwa kwangu kidogo, mtu wa kucheka taratibu. Akanisimamia.

"Bwanangu, umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza. Natafuta dhahabu."

Akatazama kijiti, akanitazama mimi. "Basi ukiipata usiniache. Umekula?"

Nikamwambia mkate ushaisha. Akasema anapeleka kuni Mambrui kwenye harusi, mkewe Kadzo yuko huko tangu jana anakuna nazi, na nyumba ya harusi haimfukuzi mtu kwenye chakula. Nikamsaidia kusukuma. Njiani alinieleza habari za shamba lake, za nyani wanaomaliza mahindi, za mkewe anavyoimba akikuna nazi mpaka unasahau njaa. Watoto hakuwataja. Na mimi, mtu wa maswali, nikamuuliza. "Mko na watoto wangapi?"

Akasema, "Bado, Mungu hajatupa," akasukuma baiskeli kwa nguvu zaidi.

Tulifika. Wanaume wako barazani, wanawake ndani uani, kati yetu ukuta na mlango wenye pazia. Karisa akaenda kwenye masufuria ya pilau nje, akachochea moto. Kadzo alitoka mara moja kuchukua kuni, mwembamba, leso mbili, akamletea mumewe chai na mimi akanipa kikombe bila kuulizwa. Mumewe akamwambia, "Huyu atatutajirisha." Kadzo akasema, "Anywe kwanza."

Barazani kijiti changu kikawa ndiyo mchezo.

"Kijana, hiyo redio yako yashika stesheni gani?"

"Labda yashika Lamu, mpelekee shangazi yangu salamu."

Mtu mmoja akaagiza bangili ya dhahabu itolewe ndani. Ikaletwa. Nikapitisha kijiti, kikalia. Wakanyamaza wote. Sijawahi kunyamaziwa hivyo na watu wazima.

Mzee mmoja akauliza, "Hiyo yalilia nini hasa?"

Nikasema, "Dhahabu."

Neno moja. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa Muyeye. Ningeutoa tu nikaupitisha, wangeona kinalia vilevile, wangecheka, tungekula pilau. Sikuutoa. Nilikuwa napenda wanavyonitazama.

Haukupita muda, ndani kukawa na zogo. Vipuli vya bibi harusi havionekani. Na si vyake, ni vya kuazima. Nyumba nyingi zilikuwa zikifanya hivyo, bibi harusi anavishwa dhahabu ya jamaa na siku ya pili inarudishwa. Mwenyewe mwenye vipuli alikuwa ameketi humohumo ndani, kaja kutoka Lamu. Bibi harusi alivivua akaenda kuoga, kurudi havipo.

Hakuna aliyetaja jina la mtu. Lakini ndani walikuwa wote ni wa nyumba, isipokuwa Kadzo.

Shangazi wa bibi harusi, Bi Rukia, akasimama nyuma ya pazia. "Yuko wapi kijana mwenye kitu kinacholilia dhahabu?"

Mimi kuingia kwa wanawake haiwezekani. Akatoa mkono, nikampa kijiti, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akauliza, "Kikilia ndiyo yenyewe?"

Nikasema, "Ndiyo, mama." Hiyo ikawa mara ya pili.

Walifanya kwa adabu, siwezi kuwasingizia. Bi Rukia alisema kwa sauti kila mtu avue bangili zake, pete, pini, kila kitu, aweke kwenye sinia, kisha apitishiwe mmoja mmoja, akianza yeye mwenyewe. Tukawa tunasikia majina. Fulani, kimya. Fulani, kimya. Bibi mzaa mama wa bibi harusi alikuwa amelala kwenye kitanda cha pembeni, na mtu akasema, "Bibi muacheni." Wakamruka. Nani atampitishia mashine bibi?

Kisha kikalia.

Wakuu, niliwaambia nilikichagua kwa sauti yake. Kililia mpaka kuku wakakimbia. Barazani kila mtu alisikia. Kwenye masufuria kila mtu alisikia. Karisa alikuwa ameshika mwiko, akauacha ndani ya pilau.

Tukasikia Bi Rukia anasema, "Kadzo, vua hicho."

"Siwezi, mama."

"Huwezi kwa nini?"

"Nimekatazwa kukivua."

Kikapitishwa tena, kikalia tena. Wakaingia naye chumbani. Barazani mmoja akasema polepole, "Basi imepatikana," na mwingine akanipiga bega, kama kunipongeza. Mkono ule nausikia mpaka leo.

Halafu sauti ya mwanamke kijana, nadhani hakukusudia itoke vile, ikapenya pazia yote:

"Si dhahabu. Ni hirizi ya bati, iko kwenye shanga za kiunoni. Maskini, anatafuta mtoto."

Mmoja akacheka ndani, wakamnyamazisha. Lakini maneno yalishafika nje.

Wakuu, kwetu mambo ya shanga za kiunoni ni ya mke na mume. Na ile hirizi, tulisikia wakisema ndani, mganga alimwambia asiivue wala isionekane na mtu mpaka ashike mimba. Sasa ilikuwa imeonwa na chumba kizima na kusikiwa na baraza nzima. Wanaume wote wakamtazama Karisa, kisha wote kwa pamoja wakaona haya wakatazama chini. Hiyo ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Na ndani yule bibi wa kitandani akaamshwa na zile kelele. Tukamsikia: "Mwatafuta nini nyie?"

"Vipuli, bibi."

"Si hivi hapa? Nalivifunga kwenye leso, watoto wenu wasije wakavichezea."

Vilikuwa kwenye pindo la leso yake, fundo dogo, mahali ambapo kila mwanamke wa pwani hufunga kitu asichotaka kipotee. Pengine ndipo pangekuwa pa kwanza kutazamwa, kama si heshima, na kama si mimi.

Kadzo alitoka kwa mlango wa nyuma. Karisa alinawa mikono kwenye ndoo, polepole, kidole kwa kidole, akachukua baiskeli. Nikamfuata mpaka njiani.

Hakunitukana. Alinambia, "Ndugu, mimi nilikukuta na njaa." Akamfuata mkewe.

Bi Rukia alinirudishia kijiti kimefungwa kwenye kitambaa, kama kitu kichafu. "Mwanangu, ulisema chalilia dhahabu."

"Ndiyo, mama."

"Nenda."

Sikwenda Malindi. Kulikuwa na lori la makuti linakwenda Kusini, nikaomba, nikapanda juu. Tukapita Malindi, nikainama watu wa Muyeye wasinione. Kabla ya hapo, tulipofika daraja la Sabaki, nilikuwa nimekitoa kijiti nikitupe mtoni. Nikakishika hewani. Nikakirudisha mfukoni. Hilo nalo linaniuma: hata baada ya yote yale nilikuwa bado nataka kujua kinavyofanya kazi.

Tulivuka kivuko cha Kilifi alasiri. Mwenye lori akanishusha Vipingo, nikashuka kwa miguu njia ya baharini, sipajui, simjui mtu. Jua linazama nikafika Kuruwitu. Nyumba ya kwanza kulikuwa na mama anakaanga mihogo nje. Nikampa shikamoo, nikasema natafuta pa kulala.

Akanitazama vumbi mpaka miguuni. "Marahaba. Mwenyeji wa wapi?"

"Malindi."

"Na huko Malindi hakulaliki?"

Nikakung'uta miguu. Akanipa muhogo, akasema kuna banda la kuwekea makumbi ya nazi, lina kitanda cha kamba, nikitaka. Nikashukuru. Nilipoinama kuingia, mfuko ukabana kile kijiti kwenye boriti ya mlango, kikawaka. Na palikuwa na msumari. Kikalia.

Akaja na mwiko wake wa chuma mkononi. "Ni nini hicho?"

"Kifaa, mama. Cha kutafutia dhahabu."

Akasogea, akakitazama kwa hamu. Nilimwona macho yake, yalikuwa yaleyale ya barazani. "Kwa hiyo kikilia pana dhahabu?"

Nikatoa ufunguo wa Muyeye, nikaupitisha mbele ya kijiti. Kikalia. Nikapitisha kwenye mwiko wake. Kikalia. Nikapitisha kwenye msumari tena.

"Hapana, mama," nikasema. "Kinalia tu. Hakijui kinalilia nini."

Akafikiri kidogo. "Basi wewe wakibebea nini?"

Akarudi kwenye mihogo yake. Mimi nikatoa betri, nikazitia kwenye kiatu kimoja, kijiti kwenye kiatu cha pili, nikalala.

Wakuu, mlitaka ushauri wa kununua, huu hapa. Usianze na pinpointer peke yake. Tafuta yenye kuzoea udongo, hasa kama unaenda kwenye udongo mwekundu. Na hizi za siku hizi zina mtetemo, unaubonyeza inanyamaza, inatikisika mkononi mwako tu, unajua wewe peke yako. Chagua hiyo. Vijana wengi naona mnasema mtetemo hauna maana, mnataka sauti. Mimi nilitaka sauti.

Na kabla hujamwonyesha mtu yeyote, ijaribu mbele yake kwenye ufunguo wako.

Wenye ujuzi wa mashine mpya ongezeni hapo chini, mimi nimebaki nyuma. Wenye kunilaumu pia karibuni, nafasi ipo. Ila kama kuna anayemjua Karisa wa kuni za Mambrui, asiniambie kama walipata mtoto au hawakupata. Amwambie tu kwamba yule aliyemsaidia kusukuma baiskeli bado anao ule ufunguo ambao hakuutoa barazani.