Alhamisi za Mwalimu Zuhura

Ninyi mliosoma Tabora wakati madaftari yakifunikwa kwa magazeti na raba zikipakwa chaki ili zionekane nyeupe, hamhitaji kuelezwa utamu wa Alhamisi. Wengine nitawaeleza, ingawa najua watoto wa siku hizi wakisikia kwamba tulitembea kwa miguu kutoka Kanyenye mpaka Kwihara na kurudi, tena kwa hiari na kwa nyimbo, wataniuliza kama bodaboda ziligoma siku hiyo. Hazikuwepo. Tulikuwa na miguu, na tulikuwa na Mwalimu Zuhura.

Lakini nikiri jambo kwanza, maana nisipolisema mapema nitajikuta nasimulia raha tupu kama mtu asiye na kosa. Mimi leo ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya msingi hapa hapa mjini. Mwaka jana nilikifuta kipindi cha afya na michezo cha darasa la saba, nikakipa Hisabati. Mwaka huu nimekirudisha. Kati ya kukifuta na kukirudisha kuna binti mmoja, Kabula, aliyekuwa anaongoza darasa zima. Ameacha shule, hajarudi, na mimi nimechangia. Ndiyo maana siku hizi nikikumbuka utoto wangu, nacheka kidogo halafu nanyamaza.

Mwalimu Zuhura alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kanyenye, mfupi, mwenye kilemba kilichokazwa vizuri na raba za bluu ambazo nadhani alizaliwa nazo. Filimbi yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Alitufundisha afya na michezo, somo ambalo walimu wengine waliliona kama nafasi ya kupumua na kunywa chai. Jumatatu alitukagua kucha, masikio na meno. Ukifungua mdomo anakuinamia na kusema, "Haya meno yamepigwa mswaki, au yamepewa tu habari zake?" Darasa zima linaangua kicheko, na wewe unacheka pia, kwa sababu ameshaupapasa mkono wako na hajauachia. Kabla hajauachia alikuwa ameshajua kama umeamka vizuri nyumbani kwenu. Sisi tulidhani anatafuta uchafu tu.

Alhamisi, saa nne, baada ya uji, tulipanga mstari. Babu yake Mwalimu Zuhura alikuwa mpagazi enzi za misafara, alibeba mizigo kwenda Ujiji na kwenda pwani, na somo lote la michezo alilitoa kwa babu huyo. Tulibeba mafurushi matatu: moja la unga na karanga, moja la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo leo mjukuu wangu akiviona anauliza kama ni magome ya mti, na moja la masufuria. Yalikuwa yanabebwa kichwani juu ya kata ya majani, kwa zamu. Mbele alitangulia kirongozi, mwanafunzi mmoja aliyefungwa kitambaa chekundu mkononi. Nyuma kabisa, mwisho wa wote, alitembea Mwalimu Zuhura mwenyewe.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, mstari unakwenda mwendo wa yule mzito wa miguu kuliko wote, na huyo anatembea wa pili, nyuma tu ya kirongozi, ili kirongozi asikie pumzi zake. Ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Ukimpokea mwenzako furushi, unamuuliza, "Unasemaje?" Naye anajibu kweli. Hakuna kusema "safi" wala "fresh" kama vijana wa sasa, ambao mtu anaumwa jino, ameachwa, amefeli, na bado yuko fresh. Unasema, "Linaniuma shingo." Unasema, "Juma ananicheka, nina hasira." Na kwa kuwa mdomo ukishafunguka haufungwi kirahisi, wengine walisema mambo ambayo hayakuwa kwenye furushi. Wa kwanza niliyemsikia alisema, "Baba hajarudi tangu Jumapili." Ukisikia neno kubwa kama hilo, kazi yako ilikuwa kukaa pembeni, kuacha mstari ukupite mpaka Mwalimu akufikie, na kumwambia. Hakukuwa na anayekuita mmbea kwa hilo. Ilikuwa sehemu ya mchezo, kama vile kudaka mpira.

Lazima mwelewe ugeni wa jambo hilo kwetu. Nyumbani hatukuruhusiwa kuchoka. Baba yangu ukimlalamikia alikuwa na jibu moja la asubuhi na jioni: "Babu zenu wamebeba pembe mpaka pwani, ninyi mnalia na ndoo ya maji?" Basi tulinyamaza. Mtoto wa Kinyamwezi alijua kubeba kabla hajajua kusema kwamba ameelemewa, na tuliona fahari kabisa. Mwalimu Zuhura alikuwa Mnyamwezi kuliko sisi sote, lakini alisema, "Babu yangu alinyamaza mpaka goti likamfia njiani. Mimi kwenye mstari wangu sitaki bubu."

Nayakumbuka mambo ya njia ile mpaka leo. Mchanga uliochoma nyayo ikifika Oktoba. Harufu ya tumbaku inayokaushwa, inayokwangua koo. Mizinga ya magogo kwenye miti, na wavulana wakijidai hawaogopi nyuki mpaka nyuki mmoja apite. Mvua zikianza tulichuma uyoga tukautia kwenye sufuria mkononi, na tukifika Kwihara, karibu na ile tembe ya kale ambayo wageni huja kuipiga picha, tulipika michembe kwa karanga, tukala kwa vidole, kisha tukacheza rede mpaka jasho likauke lenyewe. Ukigombana kwenye rede, Mwalimu hakuuliza nani kaanza. Aliuliza kila mmoja, "Wewe umeumia wapi?" Ni ajabu jinsi ugomvi unavyokosa nguvu mtu akishaonyesha alipoumia.

Sasa nije kwenye siku nilipofungwa kitambaa chekundu. Nilikuwa darasa la sita. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana aliitwa Nyamizi. Tulikaa dawati moja, tukagawana hata penseli kwa kuivunja katikati. Siku hiyo Mwalimu aliwatanguliza wenzetu wa mkondo B njiani, na mimi, kirongozi mpya, nikaona aibu kufika wa pili. Nilikaza mwendo. Kabla ya kukabidhiwa kitambaa nilikuwa nimempa Nyamizi furushi la unga, na yeye ndiye aliyekuwa mzito siku hiyo, akitembea nyuma yangu. Akaniita kwa sauti ndogo.

"Tausi, linanilemea. Na nyumbani kwetu hali siyo nzuri."

Nilimsikia. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikumsikia. Nilimwambia, "Vumilia, wale pale tunawakaribia," na nikaongeza hatua.

Tuliwapita. Nilifika Kwihara nikiwa natweta kwa furaha, nikageuka ili nishangiliwe, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanne tu. Nyamizi alikuwa amebaki nyuma njiani, amepiga magoti karibu na daraja dogo la mawe, unga umemwagika mchangani, na wenzetu wamemzunguka. Alikuwa hajala tangu jana yake asubuhi. Mama yake alikuwa mgonjwa wiki ya pili na hakuna mtu aliyejua.

Mwalimu Zuhura hakunipiga, ingawa enzi zile fimbo haikuwa mbali. Alikuja akiwa amemshika Nyamizi mkono, akanitazama, akauliza, "Tausi, umefika na nani?"

Alinivua kitambaa bila hasira, kama mtu anayemvua mtoto shati lililolowa. Siku hiyo nilimpakulia Nyamizi, nikala wa mwisho, na mpaka muhula ukaisha nilitembea mkiani pamoja na Mwalimu. Huko mkiani ndiko nilikoona kazi yake. Watoto walikuwa wanajitoa kwenye mstari mmoja mmoja, wanamngoja, wanamnong'oneza. Na jioni ya siku ile ya unga kumwagika, Mwalimu alikwenda kwa kina Nyamizi na mfuko wa unga, na kesho yake akampeleka mama yake hospitali. Mama alipona. Nyamizi alisoma, akawa muuguzi, yuko Nzega, na tukionana ananitania kwamba mimi bado nina haraka.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Mtu angedhani mtoto aliyefundishwa hivyo akikua na kushika chaki atakuwa Mwalimu Zuhura wa pili. Mimi nilikua nikawa mwalimu mzuri wa Hisabati, nikapandishwa cheo, nikapenda kuona jina la shule yetu likiwa juu kwenye matokeo ya wilaya. Tuliposhuka nafasi mbili nilikosa usingizi. Nikachukua rula, nikachora ratiba upya, na kipindi cha michezo nikakikata, kwa sababu ndicho pekee ambacho hakina mtihani wa kunitia aibu.

Mwalimu wa michezo, kijana anayeitwa Hamisi, alinifuata ofisini. Akanisalimia kwa adabu, akasimama.

"Mwalimu, naomba unirudishie hata nusu saa. Hawa watoto darasani hawasemi. Pale uwanjani ndipo wanaposema."

"Waseme nini, Hamisi? Mtihani unataka waandike."

Nilicheka, na walimu wengine wakacheka. Naye alitabasamu ili asinivunjie heshima, akaondoka. Watoto wenyewe hawakulalamika sana. Mtoto wa leo ukimwambia akimbie, anauliza kwanza kama kuna maksi. Nilikuwa nawacheka kwa hilo, nikisahau ni nani amewafundisha kuuliza.

Kabula alikuwa mtoto wa Kwihara, alikuja mjini kila siku kwa miguu kwa njia ile ile yetu. Muhula wa kwanza ulipokaribia kuisha alianza kusinzia kwenye kipindi changu. Nilimsimamisha mara ya kwanza. Mara ya pili nikamsimamisha mbele ya darasa na kumwambia kwamba akili bila juhudi ni bure. Alisimama wima kabisa, hakufuta hata macho, na mimi nikamwona ana kiburi. Hesabu zake bado zilikuwa sahihi. Kisha wiki moja hakuja, ya pili hakuja, nikaandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, na kazi zikaendelea. Hamisi ndiye aliyeleta habari. Mama yake Kabula alikuwa amelala kitandani tangu Februari, baba yuko mashamba ya tumbaku Ulyankulu, na Kabula ndiye alikuwa akimgeuza mama, akimlisha, akiwaandaa wadogo zake wawili, kisha akija kwangu kusimamishwa. Mama alikuwa ameshafariki na ameshazikwa. Hakuna mwalimu hata mmoja wa shule yetu aliyekwenda msibani, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nilikwenda Jumamosi, nikiwa na sukari na kanga, kama mtu anayeweza kulipa jambo kama hilo kwa sukari. Bibi yake, ambaye hawezi tena kutembea mbali, alinikaribisha na kunipa kigoda. Kabula alikuwa uani, akimsubiri mdogo wake avue nguo aoge. Alipiga goti akaniamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Ahsante."

Nilimwambia arudi, nafasi yake ipo, tutamsaidia. Akasema bibi hawezi kulea peke yake, labda mwakani, labda baba akirudi. Alisema kwa utulivu wa mtu mzima, na utulivu huo ndio ulionitoa machozi. Enzi zetu mtoto mwenye jambo kama lake asingemaliza wiki mbili bila kulisema. Angelisema Alhamisi, kwa mwenzake, njiani, na kabla ya jua kuzama mtu mzima angekuwa mlangoni kwao. Sisi tuliojaliwa hayo tunapenda kusema watoto wa leo wamekuwa wasiri, wamezidisha simu, hawana maadili. Nimelisema hilo kwenye mikutano ya wazazi mara nyingi, na kupigiwa makofi.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuja nalo kutoka mjini, na ambalo naona aibu kwamba niliuliza kana kwamba yeye ndiye mwenye deni la kujieleza.

"Kabula, mwanangu, miezi yote hiyo, mbona hukuniambia?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, ningeiona. Alifikiri kweli, akakunja uso kidogo kama alivyokuwa akifanya ubaoni anapotafuta jibu.

"Ningekuambia saa ngapi, mwalimu?"

Akangoja. Alidhani nina jibu, maana ratiba niliichora mimi. Kisha aliomba radhi, akainua ndoo, akaenda kumwogesha mdogo wake.