Iodini Aliyosukutulia Dada

Miaka ile Ghuba nzima ilipokuwa ikiogopa homa iliyosemekana kutoka kwa ngamia, nilikuwa fundi wa maabara Dubai. Tulikuwa tunapima iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka kwenye vidonda, kuona kama inaua virusi vya mafua makali. Tulichanganya virusi na dawa, tukangoja kidogo, kisha tukavimimina juu ya seli hai. Seli zikifa, virusi vimeshinda. Dawa ilishinda karibu kila mara.

Dada yangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Mirdif, mji huo huo. Ijumaa moja alinipigia simu, sauti imemkauka. Alikuwa na homa, kifua kinambana, hata ngazi za nyumba hawezi kuzipanda bila kukaa katikati.

"Umekwenda hospitali?"

"Madam amenipa dawa yenu, nasukutua. Anasema mdogo wangu ndiye anayeipima, itaniponya."

Alikuwa akijivunia kazi yangu kwa kila mtu pale nyumbani.

"Dada, ile inaua virusi inapovigusa. Vyako vimeshashuka mapafuni, haiwezi kufika huko. Tena usiimeze."

"Sasa nifanyeje?"

Nikaomba kuzungumza na madam. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia.

"Lakini hata gazetini wamesema inaua," alisema.

"Kwenye kisahani cha maabara, madam. Huyu anahitaji daktari leo."

"Sir, mume wangu, yuko Abu Dhabi na dereva. Yeye ndiye kafeel, mdhamini wa viza yake, siwezi kumtoa mtu bila yeye kuwapo. Kesho, inshallah."

Nikachukua teksi kutoka kwangu mtaa wa Karama, nikaenda hivyo hivyo. Nilibonyeza kengele ya geti, jua linanichoma utosini. Madam akatoka, akarudia maneno yale yale, macho yakiwa chini. Nyuma yake, kwenye dirisha la jikoni, nilimwona dada ameegemea kioo. Nikatoa simu niite ambulansi. Kabla sijabonyeza, ikalia. Alikuwa yeye.

"Usiite, nakuomba. King'ora kikija hapa sina kazi tena, na watoto wangu wako shule."

"Unaumwa, dada!"

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Kesho si mbali."

Nikarudi. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Kesho yake sir alirejea, akampeleka hospitali mwenyewe. Ilikuwa nimonia, wakamwekea oksijeni. Nilimtazama kupitia kioo cha wodi. Nilimuuliza muuguzi wanampa nini cha kuua virusi vyenyewe. Akasema vimeshafanya kazi yake. Kilichobaki ni kumsaidia apumue na kungoja. Jumapili, ambayo kule ni siku ya kazi, nikarudi kazini, nikavaa glavu, na dawa ikashinda tena kwenye visahani. Mkubwa wetu alifurahi. Mimi nilikwenda kukaa chooni.

Dada alipona nusu. Kufagia chumba kimoja kulimwacha akihema. Wale watu wakamkatia tiketi kwa upole, wakamfungashia na zawadi za watoto, viza ikafutwa.

Uwanja wa ndege nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu.

"Hiyo dawa yenu," aliniuliza, "hamwezi kuitengeneza ifike kifuani?"

"Hapana, dada. Ingekuumiza zaidi."

"Basi ni ya nini?"

Nilianza kumweleza habari za mikono, koo na vidonda. Alinisikiliza kidogo, kisha akafumba macho, amechoka. Kwenye mlango wa wasafiri mhudumu akashika kiti. Nikakiachia.