Neno Nililolimeza Mbele ya Mkwe Wake

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa nyumbani Amalemba, naanika mashati, kupitia kundi la simu la wanafunzi wake wa zamani. Mtu aliandika kwamba mwalimu wetu amepumzika. Zikafuata pole, zikafuata picha za viganja vilivyounganishwa kwa sala, kisha mmoja akauliza aliugua nini, na mwingine akamjibu kwa neno moja: tumbo. Nilibaki na shati mkononi hadi maji yakanilowesha suruali. Sisi sote katika kundi lile tulifundishwa na mwanamke huyo, kwa jasho lake, kwamba tumbo ni kiungo kimoja tu, lina pa kuingilia na pa kutokea, na kwamba anayesema anaumwa tumbo bado hajasema kitu. Hakuna aliyemsahihisha yule aliyejibu. Hata mimi sikumsahihisha, na mimi ndiye niliyejua vizuri kilichomuua.

Alikuwa mjane wa huko Navakholo, mwenye vishamba viwili vya mahindi na miwa, na elimu yake rasmi iliishia darasa la saba. Mumewe alipokuwa amelazwa, miaka mingi iliyopita, aliona neno la Kiingereza limeandikwa juu ya faili, akaomba kalamu kwa mgonjwa wa kitanda cha pili na kulinakili kwenye kiganja chake. Alipomuuliza muuguzi maana yake, aliambiwa hayo ni mambo ya madaktari. Mumewe alikufa kabla hajapata jibu. Ni baada ya matanga ndipo msichana mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi alimweleza kwamba neno lile lilihusu figo tu, zile figo ambazo yeye mwenyewe amewahi kuzitoa kwa mbuzi mara nyingi na kuzikaanga. Aliniambia kwamba kilichomuuma zaidi ni hicho, kwamba alifichwa kitu anachokijua. Akaazima kitabu cha yule msichana na kuanza kuusoma mwili, mfumo mmoja baada ya mwingine, akipalilia mahindi huku anataja mishipa. Alipochaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji tayari alikuwa anajua kuliko waliomchagua, na haukupita muda akawa ndiye anayewafundisha wenzake.

Nilimjua kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nimepewa kijitabu cha afya nikitafsiri kwa Kiswahili, nikataka kusikia watu wanasemaje, nikaelekezwa kwenye ukumbi wa kanisa ambamo alikuwa na darasa kila Alhamisi. Nilimkuta ametundika magunia ya mbolea yaliyopasuliwa na kushonwa pamoja, na juu yake amechora mtu mzima kwa makaa na rangi ya kupakia milango. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mmeng'enyo wa chakula. Alishika fimbo, akasema tufuate tonge la obusuma, ugali wetu, linakokwenda, akalipitisha mdomoni, kwenye koromeo, kwenye umio, likaingia tumboni, likapita karibu na ini na kongosho, utumbo mwembamba, utumbo mpana, na kila lilipofika darasa zima lilitaja kwa sauti. Lilipokaribia mwisho wa safari sauti zikapungua. Wamama wakaangalia sakafu, na mmoja wao, mke wa mzee wa kanisa, akajifunika uso kwa leso. Mwalimu akaishusha fimbo na kungoja. Kuku waliparura nje hadi mama yule wa leso akalitaja jina la mahali chakula kinapotokea, kwanza kwa kunong'ona, kisha, alipoambiwa arudie, kwa sauti ya kawaida. Hapo ndipo tonge likaruhusiwa kutoka, na sisi tukaruhusiwa kucheka.

Alikuwa na sheria moja. Katika darasa lake hakuna kusema "huko chini". Ukisema huko chini unasimama, unageukia wenzako na kutaja ulichotaka kusema, mara tatu. Alikuwa na desturi pia ya kumpa kila mwanafunzi mfumo wake, awe mwenyewe wa huo mfumo hadi mwisho wa mafunzo. Kulikuwa na mama wa mapafu, mama wa mifupa, mama wa damu. Mimi, mwanamume mwenye mvi niliyekuja kwa kijitabu tu, alinipa mfumo wa uzazi wa mwanamke, akasema mtu wa maneno asiogope maneno. Nilijifunza kweli. Siku ya kukariri nilisimama mbele ya wamama wale nikataja uke, mlango wa kizazi, kizazi, mirija na ovari, nikaeleza kila kimoja kinafanya nini na dalili gani ni za hatari, nikapigiwa makofi. Nilirudi mjini nikijiona nimeivuka haya. Kijitabu changu kilisifiwa, na katika safu hii ya gazeti niliwahi kuwacheka madaktari wetu wanaozungumza na wagonjwa kwa mafumbo. Nilikuwa na mdomo mwingi sana mwaka ule.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana alinipigia simu, akanieleza hali yake kama anavyosoma somo. Hedhi ilikwisha miaka sita nyuma, sasa anatokwa na damu ukeni, mgongo unauma, uzito unapungua. "Nadhani ni mlango wa kizazi," alisema, na sauti yake haikutetemeka. Alichohitaji ni barua ya rufaa apimwe mjini, na rufaa huanzia kituo cha afya cha karibu, na pale kituoni muuguzi wa kike alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na aliyebaki peke yake kwenye chumba cha matibabu alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pili. Msomaji wa mbali huenda asione shida. Wa kwetu ameshaiona. Huku mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono wala hawaketi benchi moja. Kijana yule alipotembelea boma, mwalimu alikaa jikoni mpaka mgeni aondoke, na wakikutana barabarani mmoja huingia kwenye miwa ampishe mwenzake. Mara mbili tayari alikuwa amekwenda kituoni, mara mbili akasema ni tumbo akiwa nje ya mlango, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilimuuliza kwa nini asimtume binti. Akasema hawezi kumbebesha mtoto habari za uchi wa mamake ampelekee mumewe kitandani.

"Darasani nafundishanga watu waseme," alisema. "Lakini mimi nikitoa hiyo neno mbele ya yule kijana, nitakuwa nimejivua nguo na yeye nimemvua. Wewe si mkwe. Wewe ndio utasema."

Nilikubali bila kufikiri, kama mtu anayeombwa kubeba kikapu. Tulikwenda siku ya soko, watu wamejaa kwenye ukumbi wa kungojea na mlango wa chumba haufungiki vizuri. Kijana alipomwona mamake mkwe mlangoni alisimama, akaketi, akasimama tena, akasogeza kiti nyuma ya pazia. Mwalimu akarudi nje, akakaa kwenye benchi akiwa ametupa mgongo. Nikaingia peke yangu. Kijana alinisalimia kwa heshima, akaniita mzee, akauliza mama anasumbuliwa na nini. Wasomaji wangu, sentensi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiandaa njiani. Nilikuwa nimeichapisha kwenye kijitabu ambacho, bila shaka, kilikuwa ndani ya kabati lililokuwa nyuma ya kijana huyo. Nikamtazama, nikasikia kikohozi cha mwalimu wangu hapo nje, nikasema ni hayo mambo ya akina mama. Akaangalia karatasi yake akauliza, "Ya huko chini?" Nikajibu ndiyo, huko chini. Akaandika. Hakuuliza damu, hakuuliza hedhi, hakuuliza umri, na mimi sikuongeza. Tulikuwa wanaume wawili waliosoma, kila mmoja anatazama viatu vya mwenzake. Akatoa vidonge vya kuua vijidudu, akasema asipopona arudi.

Nilipotoka mwalimu alinyanyuka, akanisogeza pembeni.

"Umesema?"

"Nimesema," nikamjibu.

Nimejaribu kujitetea kwa mengi, na utetezi wote unakwama kwenye neno hilo moja. Ningemwambia kwamba nimeshindwa, angetafuta njia nyingine, maana hakuwa mtu wa kukata tamaa. Lakini aliamini kwamba mkwe amesikia kila kitu na kwa ujuzi wake ameamua ni vijidudu. Nilimwona usoni akipata nafuu papo hapo. Alinishukuru, akanipa ndizi za kupeleka nyumbani, akameza vidonge vile kwa saa yake, na damu ilipoendelea akajiambia dawa bado inafanya kazi. Aliendelea na darasa lake la Alhamisi. Miezi ikapita. Siku alipoanguka shambani na kukimbizwa mjini kwa bodaboda, akishikiliwa na jirani nyuma, saratani ilikuwa imeshafika kwenye kibofu na mifupa. Daktari aliyempokea alimuuliza binti yake mbona mama amechelewa. Nilimtembelea mara moja wodini. Nilikwenda nikiwa nimekusudia kumwambia ukweli, nikazungumza juu ya mvua.

Huwa mnatarajia hapa nipanue mambo, niseme kuhusu serikali, uhaba wa wauguzi, mila zinazopaswa kubadilika. Yote hayo yapo, na nimeyaandika miaka ishirini bila kuyaona yakisogea. Siilaumu hata mila. Mama yule aliishi na mila yake kwa adabu na alitafuta njia ya kuizunguka bila kumvunjia mtu heshima. Njia yenyewe ndiyo ilikuwa mimi. Nilichokiona kimenivunja moyo kuhusu kazi yetu hii ya kutafuta maneno. Tunakaa kwenye warsha tunabishana kama tuseme mlango wa kizazi au shingo ya kizazi, tunachapisha, tunapiga picha, tunarudi nyumbani tukidhani watu sasa wana lugha ya miili yao. Darasani niliyataja yote kwa sababu yalikuwa ya mtu wa makaa kwenye gunia. Pale kituoni yalikuwa ya mwanamke ninayemjua, ameketi hatua nne kutoka nilipo, na yakanishinda. Kijana naye alifaulu mitihani ya maneno yaleyale, kwa Kiingereza, pengine kwa alama nzuri kuliko zangu.

Kwenye mazishi mkwe wake alinifuata nilipokuwa nimesimama kando ya hema. Kwa desturi alikuwa ameketi mbali na jeneza, na macho yake yalikuwa mekundu. Alizungumza polepole.

"Mzee, siku ile ungeniambia tu ni damu."

Nikamwambia najua.

"Na mimi ningeuliza," akasema. "Hilo ndilo swali la kwanza wanalotufundisha. Nililiona linakuja, nikaliacha lipite."

Hatukuweza kuendelea, kwa sababu mshereheshaji alikuwa ameanza kusoma wasifu wa marehemu. Wasifu huo niliuandika mimi. Familia iliniomba kwa sababu Kiswahili changu ni kizuri. Nilieleza kuzaliwa kwake, ndoa yake, watoto wake, magunia yake, wanafunzi wake, na nilipofika kwenye ugonjwa nikaandika kwamba aliugua tumbo kwa muda mfupi. Nilisimama pale nikalisikia neno hilo likisomwa kwenye kipaza sauti mbele ya kijiji kizima, mbele ya wamama wake wa mapafu na mifupa na damu, na wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, kana kwamba tumeambiwa kitu.

Basi leo naandika nilichopaswa kusema. Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alitokwa na damu ukeni wakati ambapo hakupaswa kutokwa na damu, alijua maana yake, alinituma niseme, na sikusema. Kila wiki kabla sijaipeleka safu hii gazetini humsomea mke wangu jikoni, ndivyo ninavyokamata makosa. Jana nilimsomea hii. Nilipofika kwenye aya hii alikuwa anachambua mboga. Aliinua kichwa akaniambia, bila ukali wowote, kwamba kuna mahali nimeruka. Nikaangalia karatasi. Nilikuwa nimeruka palepale, kwenye jina la kiungo chenyewe. Nikarudi nyuma nianze tena, nikafika palepale nikaishia hapo, naye akarudia mboga zake. Kama mnataka somo, na mmelizoea hapa mwishoni, ni hili tu: jina la kiungo cha mwili hujalijua mpaka uweze kulitamka juu ya mtu unayemheshimu, akiwa karibu, anakutegemea. Kwa kipimo hicho mwalimu wangu amekufa akiwa ameniacha darasa la kwanza.